Sukari Iliyokuja na Msimu wa Mpunga

Jumatatu, 13 Januari

Daftari hili lenye jalada gumu nimepewa na Vitus wa duka la pembejeo, zawadi ya mteja mzuri. Kila siku ina ukurasa wake. Nilisoma mpaka darasa la nne, na mwalimu alisema mwandiko wangu unawashinda wavulana. Basi nitaandika. Mimi ni Paskalina, mjane, Mhehe wa Ifunda niliyeletwa hapa Ubaruku na mume kulima mpunga, na simwogopi mtu.

Leo tumepandikiza majaruba ya juu. Vibarua wa siku hizi wanachomeka miche kama wanaficha kitu walichoiba. Nimewarudisha wang'oe mistari miwili waanze upya. Wamenuna. Wanune.

Jumanne, 14 Januari

Mvua kutwa.

Jumamosi, 25 Januari

Mwanangu Sosthenes ndiye mpiga dawa wa mfereji huu wote. Magugu yakichomoza, wadudu wakiingia, anaitwa yeye na bomba lake la mgongoni. Leo mke wake Tumpe, Mnyakyusa wa Kiwira, kamletea gambuti, glovu na barakoa. Kauza kuku wake kununua vitu hivyo. Sosthenes akasimama uani amevaa vyote.

Nikamwambia, "Baba, unakwenda kupiga dawa au kupasua watu?"

Vibarua walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Tumpe hakucheka. Akasema, "Mama, kwenye chupa pameandikwa avae."

"Kwenye chupa pameandikwa Kizungu, na mpunga haujui Kizungu. Baba yake alipiga dawa maisha yake yote, hata leso puani hakuwahi kufunga."

Sosthenes akavua barakoa, akavua glovu. Hanibishii huyu. Gambuti nimezichukua mimi, zimenikaa vizuri.

Jumatatu, 27 Januari

Leo samaki wamelewa.

Ndivyo tunavyosema. Siku ya dawa, Sosthenes akisuuza bomba mferejini, perege na kambale wadogo wanapanda juu, wanazunguka kama watu waliotoka kilabu cha komoni. Mwanamke mwenye akili anawahi na beseni pale maji yanapoingia jaruba la chini, anaokota. Ukiwatoa matumbo, ukawasugua kwa majivu, ukawaanika, jua linaondoa dawa yote. Harufu ikiisha, dawa imeisha. Nimewahi mimi kabla ya Devota jirani yangu, nimejaza beseni.

Tumpe hawali samaki hao. Kajichumia mchicha wake, kala peke yake. Nikamwambia kwao Kiwira wanakula ndizi mpaka wanaota maganda. Sosthenes alikula samaki wanne na kichwa cha wa tano. Huyo ndiye mtoto wangu.

Jumapili, 2 Februari

Misa. Padri alihubiri sana. Kiti kilikuwa kigumu.

Jumatatu, 10 Februari

Sosthenes ana kiu. Anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka mbugani, anamaliza ndoo, anauliza nyingine. Mtu wa kazi ngumu anahitaji nguvu. Nimemnunulia soda, akainywa bila kupumua. Nimemwambia mwenye kibanda awe ananiwekea moja kila siku, ya chungwa.

Mimi nami nina kiu. Ni chumvi ya samaki.

Jumatano, 19 Februari

Suruali ya Sosthenes inashikiliwa na kamba. Anaamka usiku kwenda nje, anarudi, anakwenda tena. Tumpe kaniita nyuma ya choo asubuhi.

"Mama, tazama hapa anapokojoa."

Nikatazama. Sisimizi, wengi, wamejipanga.

"Sisimizi wapo kila mahali," nikasema.

"Mbona pale unapomwaga wewe maji ya kuoshea vyombo hawapo?"

Huyu mwanamke ana mdomo. Anazungumza taratibu, ndiyo maana watu hawaoni kuwa ana mdomo.

Jumamosi, 22 Februari

Tumpe kampeleka zahanati bila kuniaga. Wamerudi wanasema ni sukari.

Nimewaambia wote wawili: kwetu hakuna sukari. Kwetu Ifunda watu wanakufa wazee, wamekauka kama kuni. Sukari ni ugonjwa wa mabosi wa Mbeya mjini wanaokaa kwenye magari, matumbo yao yamegusa usukani. Mwanangu anatembea kwenye tope tangu alfajiri. Sasa kama ni sukari kweli, imeingia kwa mlango gani? Nani anapika chai nyumba hii? Nani anatia vijiko?

Tumpe akasema, "Mama, hata mimi nakunywa chai hiyo hiyo."

Nilikuwa nimeshapata jibu langu.

Jumamosi, 1 Machi

Jumuiya yetu ya kanisani leo ilisali nyumbani kwa Mzee Bartholomeo, mwenyekiti wetu. Yalipofika maombi ya waamini, kila mtu akaomba lake, mvua, watoto wa mitihani, marehemu. Nikaomba langu kwa sauti: "Tumwombee mwanangu Sosthenes, anayelishwa sukari na mke wake mpaka ameisha mwili, ili Mungu amwondolee mkono huo mezani pake."

Wote wakaitikia, "Ee Bwana, utusikie."

Wakaitikia kwa mazoea, kisha nikaona wanafungua macho mmoja mmoja. Tumpe alikuwa kwenye mkeka, karibu na mlango. Alisubiri mpaka sala ya mwisho. Akakunja kanga yake vizuri, akampa Mzee Bartholomeo mkono, akatoka.

Niliona nimesema kweli mbele za Mungu na watu. Nimekula vizuri jioni.

Jumapili, 2 Machi

Tumpe kaenda kwao Kiwira. Kachukua begi moja. Kapitia shule ya bweni kumuaga Lutengano, mjukuu wangu. Sosthenes alimsindikiza barabarani, karudi peke yake.

Jumatano ya Majivu

Kumbuka u mavumbi. Chai sasa napika mimi.

Jumanne, 11 Machi

Naandika nikiwa Mbeya, kwenye benchi la hospitali kubwa.

Jumapili Sosthenes alianza kutapika. Akawa anahema kama mtu aliyepanda mlima, na pumzi yake ilinukia matunda yaliyooza. Nilidhani kanywa pombe. Nilimgombeza, Mungu anisamehe, nilimgombeza akiwa hata haoni. Devota ndiye aliyekwenda kuita gari.

Leo kafungua macho. Daktari ni msichana, anaitwa Marta, umri wa kuolewa tu. Kakaa kitandani kwa mgonjwa kabisa, akauliza anakula nini. Nikajibu mimi, kwa sababu ndiye mama.

"Chai ya mke wake ilikuwa na sukari nyingi," nikasema.

"Vijiko vingapi?"

Sosthenes akasema, "Kimoja. Tangu zahanati, hakuna."

"Na alipokuwa na kiu alikunywa nini?"

Sosthenes akatazama dari.

"Maji," nikasema.

"Maji tu?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anasikiliza, na dada yake aliyemletea uji. Nikasema, "Na soda. Kumpa nguvu."

"Mara moja moja?"

"Kila siku. Alipozidi kuchoka, mbili."

"Nani alikuwa ananunua, mama?"

Nimezaa watoto sita, nimezika wanne na mume. Sijawahi kutafuta pa kuweka uso wangu nikakosa. Nikasema ni mimi. Daktari hakunisema. Angenisema ningemjibu, ningepona. Aliandika tu.

Kisha akauliza kazi yake. Alipoambiwa anapiga dawa mashambani, akauliza dawa zipi, anavaa nini, anaoga saa ngapi, chupa tupu zinakwenda wapi. Sosthenes akasema, "Mke wangu alininunulia vya kuvaa." Hakumaliza. Aliniachia heshima yangu, nami nikajua kaniachia.

Nikamuuliza daktari, "Kwa hiyo ni dawa ndiyo imeleta sukari?"

Akasema, "Mama, wapo wanaochunguza jambo hilo. Wameona baadhi ya watu wanaoshika dawa hizi kwa miaka wanapata sukari zaidi ya wengine. Siwezi kukuambia ni dawa. Siwezi kukuambia si dawa. Inaweza kuwa damu ya ukoo, inaweza kuwa vyote pamoja. Soda haikuuanzisha ugonjwa huu, ila iliuchochea, karibu umwondoe."

"Ukoo wetu hauna."

"Umewahi kupimwa?"

Muuguzi akaja na kimashine na kisindano, akasema nilete kidole, ni dakika moja. Nikamwambia akapime wagonjwa. Mimi nimekuja kuuguza.

Jumamosi, 15 Machi

Tumerudi nyumbani. Nimepewa insulini kwenye chupa ndogo, nimefundishwa kuihifadhi ndani ya mtungi wa maji baridi, na namna ya kuchoma. Mvua imekata. Mpunga umechanua bila sisi.

Jumapili, 16 Machi

Nilishika sindano asubuhi. Sosthenes akavuta shati lake chini.

"Atanichoma Tumpe," akasema, "au asinichome mtu."

"Jichome mwenyewe basi, una mikono."

"Mikono ninayo."

"Utakufa, mtoto wangu."

Akasema, "Mama, si uliomba? Umesikilizwa."

Kageukia ukutani. Nimemwita Devota, kambembeleza saa nzima, ndipo kakubali Devota amchome. Jirani. Mtu baki. Mimi nilisimama nje ya mlango wa mtoto wangu nimeshika pamba.

Jumatatu, 17 Machi

Kachomwa asubuhi. Jioni kakataa. Ile harufu ya matunda nimeanza kuisikia tena, au ni hofu yangu.

Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda kwa Vitus dukani. Nilitaka mwenye kosa awe yeye. Nilimsema mbele ya wateja, nikamwambia anauza sumu kwenye chupa zenye picha za mahindi, kwamba mtoto wangu amelala, na yeye anagawa madaftari.

Aliniacha nimalize. Vitus ni mtu wa biashara, anajua kungoja.

"Mama Sosthenes," akasema, "wateja wote hawa unaowaona, ni mkweo peke yake aliyewahi kusimama hapa akaniambia nimsomee chupa yote mpaka chini. Nilimsomea. Zile glovu alizichukua siku hiyo hiyo. Alizivaa nani?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Alikuwa mmoja wa vibarua wangu, yule aliyekaa chini kwa kicheko ile Januari.

Nilirudi kwa miguu. Njiani nilikojoa mara mbili kwenye magugu kama mtoto. Ni uzee.

Mara tatu nimetafuta pa kuibandika lawama hii, kwenye chai, kwenye dawa, kwa Vitus. Kila mlango ninaobisha wanatoka kunielekeza kwangu.

Jumamosi, 22 Machi

Kiwira. Baridi, ukungu, migomba mpaka mlangoni. Nilikwenda na jogoo, maana mtu haendi kuomba mikono mitupu. Mama yake Tumpe alinipokea kwa salamu yao, "Ugonile", na kiti kizuri, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Nilijiandaa kutukanwa.

Tumpe alikuja anafuta mikono. Alipiga goti kunisalimia. Kwa matendo yangu angeweza kunisalimia amesimama.

Nikasema, "Sosthenes hakubali sindano."

"Devota kanipigia simu. Najua."

"Basi twende."

"Mama, nikifika Ubaruku nitapita wapi? Njia ya kwetu inapita nyumba za watu wote wa jumuiya. Walisali niondolewe. Waliitikia."

"Hawakujua wanaitikia nini."

"Wewe ulijua."

Mama yake akainuka, akasema anakwenda kutazama moto. Jikoni hapakuwa na moto. Alitupa nafasi.

"Nitasema nilikosea," nikasema. Neno hili kwenye kinywa changu lilikuwa kama kokoto ndani ya wali.

"Utasema wapi?"

"Pale pale."

"Kwa sala tena?"

Nilikuwa nimepanga hivyo hivyo. Njia nzima kwenye basi nilikuwa naitunga, Ee Mungu utusamehe sisi sote tuliomhukumu. Sisi sote. Tumpe alikuwa ananitazama kama anaisoma kichwani mwangu.

"Hapana," nikasema. "Kwa maneno. Nitasimama."

"Mimi nitamfuata mume wangu kesho, mama, hata usiposema. Siwezi kumwacha afe ili nishinde. Lakini kwako nitakaa kama mgeni mpaka nisikie umesema."

Hivyo ameondoa hata ile njia ya kusema kwamba nililazimishwa.

Jumapili, 23 Machi

Tumefika. Sosthenes alimwona mlangoni, akainua shati mwenyewe.

Jumatano, 26 Machi

Nyumbani kwangu kuna mgeni. Ananiamkia, anapika, ananikaribisha kwenye chakula kwenye nyumba niliyoijenga. Anasema "asante, mama" nikimpa chumvi.

Jumamosi, 29 Machi

Jumuiya ilikuwa kwa Devota. Sikulala. Nilisubiri tangazo la mwisho, nikasimama. Tumpe alikuwa pale pale karibu na mlango.

Nikasema: "Mwanzoni mwa mwezi huu niliwaitikisha uongo. Nilisema mama Lutengano anamlisha mume wake sukari. Aliyemnywesha soda kila siku ni mimi. Aliyemvua glovu na barakoa mbele ya vibarua ni mimi, na gambuti alizonunuliwa nimevaa mimi. Samaki waliolewa nilimlisha mimi, mke wake alikataa nikamcheka. Mlipoitikia mlisema kwa Mungu neno ambalo si kweli, na nililiweka midomoni mwenu mimi. Nimemaliza."

Nilikaa. Hakuna aliyesema "amina," maana haikuwa sala.

Kisha Mzee Bartholomeo akauliza, taratibu, "Kwa hiyo, mama, ni dawa?" Wote wakainua vichwa. Kila mtu pale ana mwana au mume anayebeba bomba. Kila mwanamke pale ameokota samaki. Nilijua nikisema ndiyo, aibu yangu itapungua, itagawanywa nyumba hadi nyumba.

Nikasema, "Daktari hajui kwa hakika, nami siwezi kujua kuliko daktari. Siku ile nilijua sana, ndiyo maana tuko hapa. Ila glovu zivaliwe. Na samaki wale, mimi sitawala tena."

Devota akasema, "Na mimi, wale niliowakaanga wiki iliyopita nifanyeje?"

"Uliowala umeshawala," Mzee Bartholomeo akamjibu, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha kuogopa.

Njiani Tumpe alitembea kando yangu. Si nyuma, kando.

Jumanne, 8 Aprili

Kuamia ndege, kuwafukuza kwa kelele shambani tangu asubuhi. Kwelea kwelea wametua kama mchanga. Sauti yangu imekwisha.

Jumamosi, 12 Aprili

Majaruba ya jirani wamepiga dawa ya wadudu. Samaki wamelewa. Wanawake wawili wamepita na mabeseni, wageni, si wa jumuiya yetu, wakaniita. Nikasema nina mgongo. Nilikuwa na nafasi ya kuwaambia, nikasema nina mgongo.

Pasaka

Sosthenes amekwenda kanisani kwa miguu yake. Amevaa mkanda.

Alhamisi, 1 Mei

Tumeanza kuvuna. Mpunga mzuri. Sosthenes anaongoza vibarua, hapigi tena dawa. Bomba kamwachia kijana mwingine, na Tumpe kamfuata kijana huyo mpaka njia kuu na glovu mkononi. Nilimsikia anamwambia, "Vaa, hata mama mkwe wangu atakuambia vaa." Nikatoka nikasema, "Vaa." Kavaa.

Ijumaa, 9 Mei

Macho yananifanya nione mpunga mbili mbili. Kidonda cha mguu kimekataa kukauka tangu kabla ya Pasaka, nilikuwa nakifunga kwa kitambaa, nakificha kwa gauni refu.

Mchana Tumpe alikuwa anampima Sosthenes kwa kile kimashine. Kimesoma vizuri. Sosthenes akarudi shamba. Tumpe hakukifunga kimashine. Akabadilisha kisindano, akafuta kwa pamba, akanyoosha mkono.

"Mama, lete kidole."

"Cha nini?"

"Usiku nakusikia ukitoka. Asubuhi nimepita nyuma ya choo, upande wako."

Sisimizi. Hakusema sisimizi. Alisema "upande wako" tu.

Nikampa kidole. Alikishika vizuri, kama anashika kitu cha mtu mwingine. Tukasubiri. Kimashine kikaandika kumi na sita na nukta kadhaa, na mimi nilishakaa hospitali siku za kutosha kujua maana yake. Basi damu ya ukoo ipo. Au dawa, maana nami nimeishi kwenye mfereji huo huo na kula beseni zile zile. Au vyote. Sitajua. Ninachojua ni kwamba nilisimama ndani ya nyumba hii nikasema kwetu hakuna.

Hapo hapo Devota akaingia kuazima ungo. Akaona kidole changu, akaona kimashine.

"Heh, na mama naye?"

Mdomo wangu huu, uliosema ya kila nyumba Ubaruku, uliosema ya mke wa mtoto wangu mbele ya altare ya jumuiya, ukakosa neno.

Tumpe akakifunika kimashine kwa kiganja, wala hakugeuka. "Mama ananisaidia kujifunza," akasema. "Nisije nikakosea kwa baba Lutengano. Ungo uko nyuma ya mlango, dada."

Devota akachukua ungo, akaenda zake.

Nilipojua lake, na halikuwa kweli, nililipeleka kwa watu siku ya nane. Alipojua langu, nalo ni kweli, alilifunika kwa mkono kabla hata damu haijakauka.

Nikamwambia, "Ungemwambia tu."

Akaninawisha kidole, akafunga pamba. "Utasema mwenyewe, mama, ukiwa tayari."

Kisindano hakikuniuma. Hilo ndilo limeniuma.